Nitajibu Nikirudi

Sehemu ya Sita

Siku ile Jackson aliweka viti viwili kama kawaida, na kimoja kikabaki kitupu.

"Mzee yuko wapi leo?" aliniuliza.

"Kapanda kwao Kinole tangu jana. Mama yake hajisikii vizuri."

"Basi mtandao utapoa." Akacheka, akanifungulia kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi ya M ilikuwa haitoki mpaka uikandamize kwa kidole gumba.

Halidi aliniachia agizo moja tu wakati anafunga mkoba. "Waambie nitajibu nikirudi." Nikaandika hivyo hivyo. Nitajibu nikirudi. Nikabonyeza, maneno yakaenda.

Nilipotoka nje, gari la ndizi kutoka Kinole lilikuwa limesimama karibu na soko na utingo wake ananitafuta kwa jina. Mume wangu alianguka alfajiri akichota maji ya kutawadha. Wakati mimi nawaandikia watu kwamba atajibu akirudi, yeye alikuwa ameshaoshwa.

Hayo mnayajua, ninyi mliokuwa nami tangu mwanzo. Kwa yule aliyeazima gazeti la jirani leo, nitayapitia haraka.

Halidi Mosi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya hakuwa na haja ya maktaba ya wafanyakazi, na vitabu vikatolewa nje vikanyeshewa. Wenzake waliopunguzwa kazi wiki ile walibeba mabati na mbao. Halidi alibeba vitabu, toroli baada ya toroli, hadi nyumbani kwetu Kihonda. Walimcheka sana.

Miaka ikapita, zikaja kompyuta za kukodi mjini. Kijana mmoja tuliyemfahamu, Jackson, alipofungua kafe yake, alimwonyesha Halidi mahali kwenye mtandao palipoitwa Baraza la Vitabu. Watu wa Songea, Tanga, Mombasa na wengine waliokuwa masomoni Ulaya walikutana humo kuelezana vitabu walivyovipenda. Macho ya Halidi hayakuweza kioo kile, na vidole vyake vilizoea mashine kubwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne na nilijifunza kupiga taipu. Basi kila Jumamosi yeye alikaa kiti cha kulia akisema, mimi kiti cha kushoto nikiandika.

Hakuwa akiwaambia kitabu hiki kizuri, kile kibaya. Aliwaambia kilisomwa wapi na nani. "Kitabu hiki kina doa la binzari ukurasa wa arobaini," alisema siku moja. "Aliyelitia ni mama mmoja wa idara ya kushona. Alikuwa anapika huku anasoma, na alipofika pale mume anapobisha hodi baada ya miaka saba, akasahau sufuria. Watoto walikula ugali mkavu. Mimi kila nikifika hapo nasikia harufu ya mchuzi ulioungua."

Watu walimpenda. Wengine walianza kueleza vitabu vyao kwa namna hiyo hiyo.

Nilipotoka eda nilienda kwa Jackson niwaambie kwamba amefariki. Nikafungua, nikakuta miezi minne ya watu wanamngoja. Mzee Halidi, umerudi? Mzee, mama anaendeleaje? Mzee, Baraza limepooza bila wewe. Nikaandika: Nimerudi.

Sikurudi nyuma tena. Nikawa naandika kama Halidi.

Jambo la mwisho mnalopaswa kulijua ni la kwao Halidi. Mimi ni mtu wa Singida, Halidi ni Mluguru. Kwao, mtu akifa, lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, huketi na kumchagua mpwa wa kulirithi jina lake. Siku ya kuondoa tanga walimkalisha Salehe kwenye mkeka, wakamwita Halidi. Anachukua jina, wageni, watani na lawama za mjomba wake. Kuanzia saa ile hakuna anayesema Halidi amekufa. Halidi yupo.

Fatuma, wifi yangu, ndiye aliyemzaa Salehe. Siku ile alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamwita kaka.

Sasa tuendelee.

*

Ujumbe wa Mwalimu Margareth wa Songea niliukuta wiki moja kabla ya mambo haya.

"Mzee Halidi, nina semina ya walimu Morogoro. Nitakuja kukusalimu. Usiseme hapana, nimeshakata tiketi."

Margareth alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee. Baada ya hapo hakuweza kusoma. Mwezi wa nane aliandika Barazani kwamba akifungua kitabu herufi zinakimbia, akauliza kama kuna mtu yalimkuta hayo. Halidi alimjibu. Tangu siku hiyo mwalimu huyu alimheshimu Halidi kuliko mtu yeyote mle ndani.

Nikaandika haraka: "Mwalimu, wiki hiyo nitakuwa safarini."

Naye alikuwepo mtandaoni saa ile ile. "Safari ya wapi tena, mzee wangu?"

Vidole vikanitangulia. "Kinole."

"Ndiko hasa ninakotaka! Nilione lile jiwe la mtoni unalokalia ukisoma. Nitakufuata huko huko."

Jackson alikuwa nyuma yangu, anakula karanga. "Mama, hapo umemwelekeza mwenyewe."

"Hawezi kupanda mlima kwa mtu asiyemjua."

"Wewe huwajui walimu wa Songea. Wale wanafuata daftari hata kama limeangukia chooni." Akatema ganda. "Mwambie ukweli. Sentensi moja tu. Hata hilo M nitakubonyezea mimi."

"Watu wote wameshanipa pole, Jackson. Majirani, sokoni, msikitini. Humu ndimo pekee wanamouliza hali yake."

Jackson akasema taratibu, "Na akija?"

Nilizima nikaondoka. Nilijiambia kwamba semina zina mambo mengi, atachoka, atarudi kwao.

*

Alhamisi nilipoingia kafe, Jackson hakunisalimia. Alinivutia kiti tu.

"Soma, mama. Ila kaa kwanza."

Kichwa cha habari kilikuwa neno moja. TUMETAPELIWA. Aliyeandika ni Margareth, jana yake jioni.

"Ndugu wasomaji, leo nimepanda Kinole. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza niliyekutana naye njiani, Halidi Mosi anakaa wapi? Akanijibu, Halidi yupo, yuko kwenye mihogo. Nikapelekwa. Ni kijana ambaye ningeweza kumfundisha darasani. Nikamuuliza, wewe ndiye Halidi aliyekuwa kiwandani? Akasema ndiye. Mwenye vitabu? Ndiye. Nikampa kitabu nilichomletea zawadi. Akafuta mikono, akakipokea, akakiweka juu ya gunia, akaniuliza kama nitakula muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma. Nikamuuliza lile doa la binzari liko kwenye kitabu gani. Akasema hajaliona, ila kama kuna nguo imechafuka mama atanifulia. Ndugu zangu, huyu ndiye Mzee Halidi wetu. Ni nani basi amekuwa akituandikia? Nani alijifanya mzee ili ajue habari za mwanangu?"

Nikaendelea kushuka.

Chini yake wengine walikuwa wameshajipanga.

"Nilijua. Mfanyakazi wa kiwandani hasomi vile."

"Ni mwanafunzi wa chuo huyo, anatuchezea."

"Yule mama wa mchuzi naye ni wa kubuni. Na mimi nilivyomhadithia mke wangu!"

"Kwa hiyo hakuna Halidi. Hakuwahi kuwepo."

Wa mwisho alikuwa Simon, msimamizi wa Baraza, aliyekaa Dar es Salaam. "Halidi Mosi, jieleze mwenyewe hapa. Nakupa hadi Jumamosi saa sita mchana. Usipojieleza nitafuta kila ulichokiandika tangu siku ya kwanza."

Nilirudi juu nikaisoma tena ile sentensi. Hakuwahi kuwepo.

"Naweza kukuchapia yote kwenye karatasi," Jackson alisema. "Sasa hivi. Utabaki nayo."

"Nayo karatasi itawaambia kwamba alikuwepo?"

"Hapana, mama. Karatasi utakuwa nayo wewe. Wao watabaki na tapeli."

Hapo ndipo nilipoamua. Niliandika, polepole, nikiikandamiza M kwa kidole gumba. Mimi naitwa Nasra. Halidi Mosi alikuwa mume wangu, na alikuwa kama mlivyomjua. Halidi Mosi alifariki mwezi wa

"Wifi! Umehamia humu siku hizi?"

Fatuma alikuwa mlangoni na khanga zake za safari, Salehe nyuma yake na kikapu cha ndizi kichwani. Walikuwa wameshuka na gari la asubuhi, wakaenda Kihonda wakakuta kufuli, jirani akawaambia nilipo.

"Mke wangu!" Salehe aliita kwa furaha, kafe nzima ikageuka. "Unamwacha mumeo mlangoni na njaa yake, uko huku unatazama sinema?"

Utani huo ulianza siku aliporithi jina. Kabla ya hapo alikuwa akiniamkia shikamoo, akiniita mkaza-mjomba. Siku nyingine ningemjibu, mume gani anakuja na ndizi mbichi. Siku ile mkono ulibaki kwenye vitufe.

Fatuma aliniinamia sikioni, akashusha sauti, lakini Fatuma akishusha sauti bado anasikika barabarani.

"Wifi, niambie kweli. Kaka yangu alikuwa na mwanamke Songea?"

"Nini?"

"Jana kaja mwanamke Kinole. Mnene mnene hivi, kavaa viatu vya ofisini, anamuulizia Halidi huku machozi yanamlengalenga. Kaleta na zawadi. Nikasema, lo, kaka yangu na upole wake wote!"

"Zawadi ndiyo hii," Salehe akasema, akatoa kitabu chini ya ndizi, akakiweka mezani, kimefungwa kwa jani na kamba. "Nikaona mambo ya vitabu yako Kihonda, nikakuletea. Mgeni wa mjo... mgeni wangu. Nilimkaribisha vizuri, usiwe na wasiwasi. Alikula vipande vitatu."

"Salehe, kwa nini hukumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba wewe si yule anayemtafuta."

Alinitazama kama nimetukana. "Kaniuliza kama mimi ndiye Halidi. Nikisema siye, si nimemkana mjomba mbele ya mgeni?"

Fatuma hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa ameinama mbele ya kioo. Alisoma elimu ya watu wazima, zamani, na husoma kwa kutamka. Midomo yake ilikuwa inatembea juu ya sentensi yangu ya mwisho. Ha-li-di Mo-si a-li-fa...

Aliupiga mkono wangu kwa nguvu, ukaanguka kutoka kwenye vitufe.

"Nani alifariki? Halidi gani aliyefariki? Halidi huyu hapa kasimama!"

"Wifi, tusemezane polepole."

"Polepole ya nini? Wazee wamekaa, unga umepakwa, maji yamemwagwa, wewe unakuja kumzika mwanangu kwenye televisheni!"

"Si televisheni, mama," Jackson akasema.

"Nyamaza wewe! Wewe ndiye unayemuuzia sumu hii."

Mteja mmoja alibeba mfuko wake akatoka. Mwingine alisogeza kiti ili aone vizuri zaidi. Na katikati ya kelele hizo mlango ukafunguliwa tena, akaingia mwanamke mwenye beji ya semina shingoni. Semina ilikuwa mtaa wa pili, naye alikuwa amekuja kusoma majibu ya ujumbe wake.

Margareth alimwona Salehe kabla hajaniona mimi.

"Wewe! Kumbe hapa ndipo unapofanyia kazi yako!"

Salehe akatabasamu, akampa mikono miwili. "Mgeni wangu! Ulifika salama? Ule utelezi wa chini kule haukukuangusha?"

"Usinishike. Nani anakuandikia? Sema."

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.

Akageuka. Sikuwahi kumwona, lakini namna alivyokaza macho niliijua kutoka kwenye maandishi yake. Alikuwa mtu wa kuuliza hadi ajibiwe.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Nasra. Mke wa Halidi."

"Wa huyu?"

"Wa yule wa vitabu." Nilimtazama Fatuma. Fatuma alikuwa amenitolea macho. Nikachagua maneno kama mtu anayepita kwenye miiba. "Halidi wa vitabu alipanda Kinole mwezi wa tatu. Hakushuka tena. Huyu amelichukua jina, ndiyo desturi ya kwao. Watu waliokuelekeza hawakukudanganya, na huyu hakukudanganya. Alikuwa anakuheshimu."

Nilimwona anaelewa. Hasira ilimtoka usoni, akaweka mkono mdomoni. "Maskini. Pole sana, dada yangu. Na mimi nimeandika mambo ya ajabu. Mzee wa watu, nimemtukana..."

Laiti ningekomea pale.

Lakini ni mwalimu. Akahesabu. "Umesema mwezi wa tatu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilimwandikia habari za mwanangu mwezi wa nane."

Nilijua anakoelekea.

"Alinijibu," Margareth akasema. "Aliniambia nisisome kitabu kipya. Nichukue kile tulichokuwa tukisoma na mwanangu, nisome ukurasa mmoja, nifunge. Kesho nirudi hapo hapo. Akasema nisiwe na haraka ya kufika mwisho, kwa sababu mwishoni hakuna mtu anayeningoja. Nimefanya hivyo kila siku. Nimeyaandika maneno hayo ukutani, juu ya kitanda changu. Na chini yake nimeandika jina la Halidi Mosi."

"Ni mimi niliyekujibu."

"Ni maneno yake? Alikuwa ameyasema zamani, ukayakumbuka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningelisema tu, yangeishia pale, angelia, angenikumbatia.

"Hapana. Ni yangu. Ndivyo nilivyokuwa nafanya mimi wakati wa eda, na kile kitabu chenye doa."

Margareth alikaa. Alikaa kwenye kiti cha kulia, kile kitupu. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu mwezi wa tatu, maana Jackson alikuwa akiwakatalia wateja.

"Umenifariji kwa mkono wa maiti," akasema.

"Maiti gani?" Fatuma akaruka. "Mwalimu, chunga mdomo wako! Hapa hakuna maiti!"

"Mama, mimi nimezika. Najua nani yupo na nani hayupo." Akanigeukia. "Andika. Sasa hivi, nikiwa nakuona. Andika kwamba amefariki, na siku aliyofariki, na kwamba yaliyofuata ni yako. Watu wale wanamwita mwongo mtu aliye kaburini."

"Akiandika hivyo," Fatuma akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli, "asipande tena Kinole. Namwambia mbele yako, mgeni, uwe shahidi. Mke anayetamka kwamba Halidi amekufa, baada ya lukolo kumsimamisha, amemtakia kifo huyu aliyesimama. Wazee hawatampokea. Hata kule kaburini hatafika."

"Wifi."

"Mimi nimemzaa huyu, wifi. Namwita kaka ili yule asipotee. Unadhani ni rahisi? Kila nikimwita nasikia uchungu wake upya. Nami sijalalamika. Wewe unashindwa nini?"

Kaburi la Halidi liko chini ya nyumba ya mama yake, kwenye ardhi ya ukoo. Kila mwezi napanda, nang'oa majani, nakaa. Sina mahali pengine.

"Basi andika wewe, mwalimu," Jackson akasema. "Umeshajua yote. Waambie ulikosea."

Margareth alitikisa kichwa. "Jana nimewaapia watu kwamba nilimwona kwa macho yangu. Leo nigeuke niseme amekufa? Wataniita tapeli mwenzenu. Na kusema kweli, mdogo wangu, sitaki. Sitamsafishia dada huyu. Aliyeandika kwa jina la mtu aandike na mwisho wake."

Akasimama. Alichukua mkoba, akakiona kitabu chake mezani, bado kimefungwa kwa jani. Nilidhani atakibeba. Alikisogeza kidogo upande wangu kwa ncha ya kidole.

"Jumamosi nitakuwa nasoma," akasema, akatoka.

*

Tulikaa pale kama watu waliomwagikiwa na maji. Fatuma alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Jackson alijifanya anatafuta waya chini ya meza.

Salehe muda wote alikuwa amesimama na kikapu chake.

"Kwani wale watu wanataka nani ajieleze?"

"Halidi Mosi," nikamwambia.

"Basi si mimi?"

Jackson akacheka, akashindwa kujizuia. "Kaka, wewe hata kuwasha hujui."

"Mjomba alijua?" Mama yake akamkata jicho. Akajirekebisha. "Mimi nilikuwa najua? Sikujua. Nilikaa kwenye kiti hiki nikasema, mke wangu akaandika. Si ndivyo? Basi Jumamosi nitakaa niseme, naye aandike."

"Useme nini, Salehe?" nikamuuliza. "Watakuuliza vitabu. Watakuuliza lile doa. Umesoma vitabu vingapi?"

"Vya shule?"

"Hivi vya hadithi."

Alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna."

"Basi."

"Basi nipe kimoja." Alikuwa ameshakunja uso, hatanii tena. "Ni vyangu, sivyo? Nimerithi watani wake, nimerithi wageni wake wanaonitukana hadharani. Vitabu peke yake ndiyo niviogope? Nipe hicho chenye doa."

Nilimtazama Fatuma nikitegemea atakataa. Fatuma alikuwa anamtazama mwanawe kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya tanga.

"Mpe kaka yangu kitabu chake," akasema.

*

Ile sentensi yangu niliyoikatiza sikuifuta, wala sikuipeleka. Jackson alisema ataihifadhi hadi Jumamosi, nikiitaka nitaikuta.

Sasa tuko Kihonda, alasiri. Fatuma amekaa ukumbini anapepeta mchele, na kila baada ya muda anaacha kupepeta ili asikie. Hajasema kama atanizuia Jumamosi au ataniacha. Mimi sijaamua kama nitaandika atakayoyasema Salehe, au nitaimalizia sentensi ile na kuliacha kaburi.

Salehe yuko kizingitini, kitabu kiko magotini, kidole kinatambaa chini ya mstari. Midomo yake inatembea kama ya mama yake.

"Mke wangu, neno hili ni nini?"

Namsomea. Analirudia mara mbili, anaendelea.

Doa la binzari liko ukurasa wa arobaini. Jumamosi ni kesho kutwa. Salehe bado yuko ukurasa wa kwanza.